Siku ya mvua maktabani: kwa nini umesoma kutwa nzima na usiku huna la kueleza

*"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 23, ninaishi Shela na ninafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni. Mwaka huu nimejiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa binafsi. Tangu masika yaanze wageni wamepungua, na siku za mvua kubwa tunaambiwa tusije kazini. Siku hizo huenda maktabani Lamu mjini nikakaa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Nasoma na kupaka rangi ya manjano mistari yenye maana, lakini ikifika saa nane usingizi hunishika nikalalia kitabu. Wiki iliyopita nilisoma mlango mzima wa figo, na usiku kaka yangu aliponiuliza figo hufanya kazi gani hasa, nilisema 'huchuja damu' na sikuwa na la kuongeza. Je, mvua ndiyo inayonilegeza, au mimi si mtu wa kusoma? Ni afadhali nibaki nyumbani nilale mchana, nisome usiku?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja: la usingizi, la kumbukumbu, na la tatu ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi, yaani kama wewe ni mtu wa kusoma au la. Hilo la tatu nitalijibu kwanza kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Mtu anayetoka Shela asubuhi ya masika, akaufuata ufuo kwa miguu mpaka mjini hali mawingu yameinama, kisha akaketi na mlango wa figo mpaka alasiri, hakupungukiwa na hamu wala akili. Alichokosa ni namna ya kusoma, na ni wachache mno miongoni mwetu waliowahi kuketishwa chini wakafundishwa namna hiyo. Nimefanya kazi ya ukutubi hapa pwani kwa miaka mingi, na kila masika nimewaona wasomaji wa aina yako. Wao ndio wanaofika wa kwanza na kutoka wa mwisho, na mara nyingi ndio wanaorudi nyumbani wamevunjika moyo kuliko yule aliyeingia kwa saa moja tu akiwa na swali moja mkononi.

Swali la kumbukumbu ndilo kiini, kwa hiyo nitakaa hapo kwa kitambo. Sina shaka kwamba ulipokuwa ukisoma juu ya figo ulielewa. Tatizo ni kwamba kulielewa jambo lililo mbele ya macho, na kulitoa jambo hilohilo kichwani wakati halipo mbele ya macho, ni kazi mbili tofauti, na wewe kutwa nzima uliifanya ile ya kwanza peke yake. Kazini kwako bila shaka umewaona wageni wanaopotea mjini. Mgeni huongozwa na mchukuzi kupitia vichochoro vya Mkomani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Huziona nakshi zilezile za milango, hulitambua duka la pembeni, na moyoni hujiambia kwamba njia ameshaijua. Siku ya nne hutoka peke yake, na kabla hajaufikia msikiti wa pili ameshapotea. Aliposema anaijua njia hakusema uongo, maana macho yake yalikuwa yameizoea kweli. Lakini hakuwahi hata mara moja kusimama penye njia panda akalazimika kuamua mwenyewe akate kulia au kushoto. Kuurudia mlango uleule wa kitabu, hata ukiupaka rangi kila ukurasa, ni kuongozwa namna hiyo. Kitabu ndicho kinachoamua nini kifuate nini, nawe unakwenda nyuma yake.

Jambo hili limepimwa, na vipimo vyake vinastahili kujulikana na kila mtahiniwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kwa vifungu vifupi vya maarifa ya kisayansi. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne vya dakika 5 kila kimoja. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, na katika vitatu vilivyobaki likaandika kila lililoweza kukikumbuka, bila kukiona kifungu. Baada ya dakika 5 waliosoma vipindi vyote vinne walikuwa mbele, wakikumbuka asilimia 83 dhidi ya 71 ya wenzao. Wiki moja baadaye mambo yalipinduka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, na waliojipima wakakumbuka asilimia 61, ingawa hao wa kwanza walikuwa wamekipitia kifungu zaidi ya mara 14 kwa wastani, na hao wa pili hawakufika hata mara 4. Nami huona kwamba funzo kubwa kuliko tarakimu hizo ni hili: waliosoma tu ndio waliokuwa na hakika zaidi kwamba hawatasahau. Ule utulivu wa moyo unaoupata saa kumi jioni ukifunga kitabu kilichojaa manjano, mwanangu, ni wa aina hiyo.

Sababu yake ni kwamba kila unapojilazimisha kulitafuta jambo kichwani, unaikanyaga njia ya kulifikia, na njia inayokanyagwa hubaki wazi. Pia unapojaribu na kukwama, unajua papo hapo palipo na pengo, jambo ambalo kusoma tena hakukuonyeshi kamwe, kwa maana kitabu hakikwami. Kuna jambo la tatu pia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huwa mkali sana katika saa za mwanzo kisha hupungua kasi. Kwa hiyo kujikumbusha mara moja kabla hujatoka maktabani, na mara nyingine usiku huohuo, kuna faida kuliko kusubiri mwisho wa wiki.

Sasa turudi kwenye figo, nikuonyeshe kwa vitendo. Jioni ya kuamkia siku ya maktaba, andika maswali matatu kwenye karatasi. Usiandike majina ya milango, kwa sababu "figo" si swali. Andika, kwa mfano: kwa nini siku ya mvua na ubaridi mtu huenda msalani mara nyingi kuliko siku ya jua? Hilo ni swali, tena litakupitia mwilini mwako siku hiyohiyo. Ili ulijibu, itakubidi ujue kwamba figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu kwa siku, ilhali mkojo unaotoka ni lita 1 hadi 2 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya figo ni kurudisha. Hapo tayari umeshalipita jibu ulilompa kaka yako. Kisha itakubidi ujue kwamba siku ya jua jasho hutoa maji mwilini, chumvi katika damu huzidi kidogo kwa kulinganishwa na maji, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huhisi badiliko hilo, na tezi ya pituitari huachilia homoni inayoifanya mirija ya mwisho ya figo irudishe maji mengi zaidi katika damu. Siku ya mvua jasho ni haba, homoni hiyo hupungua, maji mengi huachwa yaende, na mkojo huwa mwingi na mweupe. Swali moja la nyumbani limekupitisha katika uchujaji, urudishaji, homoni na usawazishaji wa maji mwilini, na ninakuhakikishia kwamba siku ya mtihani utalikumbuka kwa kuwa lina mwanzo na mwisho.

Ukiwa na swali la namna hiyo, soma kwa dakika 25 au 30 ukilitafutia jibu, kisha funga kitabu. Kifunge kabisa, usikiache wazi ukayageuza macho tu. Andika jibu lako kwa kalamu ya buluu, pamoja na mchoro kama upo, hata kama unahisi hujui lolote; vumilia dakika chache za tabu hiyo, kwa sababu tabu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ndipo ufungue kitabu na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Mara ya pili usome yale mekundu peke yake. Kabla ya kuanza swali la pili, chukua karatasi nyingine na ulijibu tena lile la kwanza kwa ufupi. Mwisho wa siku utakuwa na karatasi zako mwenyewe, zenye mwandiko wako na makosa yako, na hizo ni daftari bora kuliko kitabu kilichopakwa rangi. Na kama kitabu unachokipaka ni cha maktaba, naomba uache tangu leo. Atakayekiazima baada yako atalazimika kusoma kwa macho yako, na huenda mistari uliyoiacha ndiyo aliyoihitaji.

Kuna jambo moja ambalo watahiniwa wetu wa pwani hulificha kwa haya, nami nalisema wazi: karatasi ya Bayolojia utaijibu kwa Kiingereza, lakini si lazima uelewe kwa Kiingereza kwanza. Ukikwama, lieleze jambo kwa Kiswahili chako cha kila siku, kana kwamba unamweleza nyanya yako. Likinyooka kwa Kiswahili, sasa liandike upya kwa Kiingereza ukitumia istilahi zinazotakiwa. Ukiona halinyooki kwa Kiswahili, ujue kwamba ulikuwa umekariri maneno ya kigeni bila kuyamiliki. Nimewaona wengi wakipoteza muda wa masomo wakidhani udhaifu wao ni wa lugha, kumbe ni wa maudhui, na wengine kinyume chake. Njia hii hukuonyesha ni upi kati ya hiyo miwili.

Tuje kwenye usingizi. Umeuliza kama mvua ndiyo inayokulegeza, na jibu la haki ni kwamba inachangia, ila haiko peke yake. Nyuma ya jicho kuna chembe maalumu ambazo kazi yake hasa ni kuupima mwanga na kuiarifu saa ya mwili iliyoko ubongoni kama ni mchana au usiku. Nje, wakati wa jua kali, mwanga unaweza kufika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Chini ya mawingu mazito hushuka mpaka laksi elfu chache. Ukiingia katika chumba chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, kama zilivyo nyumba nyingi za mji wetu wa kale, madirisha madogo na taa moja darini, huenda ukabaki na laksi 100 au 200, na kwa saa ya mwili huo ni mwanga wa magharibi. Kwa hiyo usikae pembeni penye giza eti kwa sababu pana utulivu. Kaa karibu na dirisha au mlango unaotazama uwanja wa ndani, na kila baada ya saa moja toka barazani usimame dakika 5 ukitazama nje, hata kama mvua inanyesha.

Sababu ya pili haihusiani na mvua hata kidogo. Watu wengi, wawe wamekula wali wa nazi au wamefunga, hupitiwa na wimbi la usingizi kati ya saa saba na saa tisa mchana, kwa sababu ndivyo mzunguko wa mwili ulivyo. Chakula kizito huliongeza tu. Wewe ulikuwa umeipanga siku yako kana kwamba saa nane ni sawa na saa nne. Mambo magumu yafanye kabla ya adhuhuri. Ukishasali na kula, kama una mahali pa heshima pa kujinyoosha, kwa mfano kwa shangazi au rafiki anayeishi karibu, lala dakika 20 na uweke kengele. Usingizi huo mfupi hurudisha umakini. Ukizidi dakika 30 au 40 unaweza kuamka mzito kuliko ulivyolala. Kama huna mahali, usipambane na kitabu kipya saa hiyo. Ifanye kuwa saa ya kazi za mikono: kuchora, kupanga karatasi, kunakili maswali ya mitihani iliyopita. Kikombe kidogo cha kahawa chungu kinasaidia kwa kuwa kafeini huziba mahali ambapo kemikali ya uchovu iitwayo adenosini hushikilia ubongoni, lakini haiiondoi kemikali yenyewe. Isitoshe kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu. Kahawa ya saa kumi jioni utaikuta bado imo damuni wakati wa kulala, na kesho yake utaamka na deni.

Na sauti ya mvua? Wengi huisingizia bure. Kinachovuruga usomaji kuliko vyote ni maneno ya watu yanayoeleweka, kwa sababu sehemu ya akili inayoshikilia sentensi unayoisoma ndiyo ileile inayovutwa na sentensi unayoisikia. Mvua inayonyesha mfululizo huyafunika maneno hayo, na ndiyo maana wasomaji wengine husoma vizuri zaidi inaponyesha. Isipokuwa ukiwa chini ya mabati matupu: hapo kelele yenyewe huchosha, na ni afadhali uhame chumba au uzibe masikio kwa pamba.

Adui wa kweli yuko mkobani. Hukunitajia simu, nami sitakutuhumu, lakini nitakueleza kwa kuwa kila ninayemuuliza hunijibu kwamba huiangalia kidogo tu. Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kuhusu kile tunachoweza kukiita mabaki ya umakini: mtu anapoiacha kazi moja na kuiingia nyingine kabla ya kuikamilisha ya kwanza, sehemu ya fikira zake hubaki kule alikotoka. Ukiusoma ujumbe wa WhatsApp unaouliza kama kesho kuna kazi, ukaamua kuujibu baadaye, kitabu umekirudia lakini ujumbe haujakuachia. Mwambie mwajiri na mama nyumbani kwamba utapatikana saa sita u nusu na saa kumi, kisha uizime simu. Siku za mvua kubwa ambapo stima hupotea, hilo litakusaidia pia kuhifadhi chaji ya kukurudisha nyumbani.

Umeuliza kama ni afadhali ubaki nyumbani ulale mchana na usome usiku. Kwa baadhi ya watu inafaa, lakini kwako sioni hivyo. Kumbukumbu ya uliyojifunza mchana huimarishwa usingizini, hasa katika usingizi mrefu wa usiku, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi huo. Ukizikata ili usome, unajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Nyumbani kuna faida zake, maana ni pakavu, ni bure na kuna chai moto, lakini siku ya mvua watu wote wamo ndani, watoto hawana pa kuchezea, na msichana aliyeshika kitabu huonekana kama mtu asiye na kazi. Umenielewa. Kwenda maktabani ni kuwaambia watu wa nyumbani, bila ugomvi, kwamba leo una kazi. Ila si kila siku ya mvua inastahili safari hiyo. Njia ya ufuoni kati ya Shela na mjini hupitika vizuri maji yakitoka, lakini yakijaa, hasa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hufunikwa mahali pengine, na kujaa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Angalia maji kabla ya kuondoka, na uangalie pia yatakuwaje saa ya kurudi. Ikiwa kusi limekaza na mabaharia wenyewe wameegesha mashua, kaa nyumbani na maswali yako matatu, ujibu hata mawili. Siku nyingine itakuja.

Ukienda, usiende na nguo za kukalia zilizolowa. Baridi ya nguo mbichi huchukua sehemu ya umakini wako bila wewe kujua, kwa hiyo beba leso kavu ya kubadilisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 2017, kwa hiyo vitabu vifunge ndani ya mfuko wa turubai au uviweke katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Kitabu cha kuazima kikilowa, usikianike juani wala usikipige pasi, kwa sababu kurasa zitajikunja na gundi itaachia. Kisimamishe wima, kurasa zimetanuliwa kidogo, mahali penye upepo, ukiweka karatasi kavu katikati ya kurasa na kuibadilisha mara kwa mara. Hewa yetu ya unyevu huweza kuotesha ukungu ndani ya siku mbili au tatu. Kisha kirudishe na useme ukweli. Mkutubi akiambiwa mapema ataweza kukiokoa.

Na kuhusu mkutubi: mtumie. Wasomaji wengi humwona kama mlinzi wa ukimya, ilhali ni mtu aliyefunzwa kutafuta majibu. Maktaba nyingi nchini hupanga vitabu kwa mfumo wa tarakimu uliobuniwa na Melvil Dewey mwaka 1876, ambao humaanisha kwamba vitabu vya jambo moja hukaa bega kwa bega: mia tano ni sayansi, Bayolojia ikianzia 570, elimu ya mwili wa binadamu iko 612, lugha ya Kiswahili ni 496.392, historia ya Kenya ni 967.62. Ukikwama na maelezo ya kitabu kimoja kuhusu figo, usikisome kwa mara ya tano. Nyoosha mkono uchukue cha pembeni yake kwenye rafu, maana mwandishi mwingine huenda akachora mchoro unaokufungua macho. Uliza kama wanazo karatasi za mitihani iliyopita. Na siku ambayo akili imechoka na Bayolojia, ingia Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza mpaka mwaka 1984 na ambayo leo, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ina maktaba ndani yake. Huko saa moja ya ushairi wa Kiswahili itakuwa ni kazi ya karatasi yako ya Fasihi na pia mapumziko.

Yapo mambo ambayo hata mbinu hizi zote hazitayatibu. Ukiwa unalala usiku wa kutosha kwa wiki mbili na bado unasinzia tangu asubuhi, ukichoka kwa kupanda ngazi, au moyo ukidunda haraka bila sababu, nenda ukapimwe damu, maana upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake wa umri wako na tiba yake ipo. Ukipata homa wakati huu wa mbu, usiseme ni mvua imekupiga; nenda zahanati au hospitali ya kaunti siku hiyohiyo ukapimwe malaria. Herufi zikicheza, au kichwa kikiuma kila baada ya nusu saa ya kusoma, omba kupimwa macho kabla hujajilaumu. Na kama tatizo si usingizi bali ni kwamba kwa majuma kadhaa hakuna kinachokupendeza, si kitabu wala watu, tafadhali usilibebe peke yako. Mweleze mtu unayemwamini, na mwende pamoja kwa daktari au mshauri.

Msaada mwingine wa ana kwa ana hauhusu afya. Karatasi ya tatu ya Bayolojia ni ya vitendo, na hakuna maktaba itakayokufunza kupima sukari katika mmumunyo au kupasua maua na kutaja sehemu zake. Mikono lazima iguse. Mtahiniwa wa binafsi husahaulika kwa urahisi katika jambo hili, kwa kuwa hana darasa. Nenda katika kituo ulikojiandikishia, umwombe mwalimu wa somo akuruhusu ushiriki vipindi vya maabara pamoja na wanafunzi wake, na uende na zile karatasi zako zenye wino mwekundu ili aone ulipofika. Omba sasa, masika yakiwa bado yapo, kwa sababu kusi likitulia wageni watarudi Shela, na nafasi ya kuondoka kazini katikati ya wiki huenda usiipate tena kabla ya mtihani.